Kaburi la Nyuma ya Jiko

Zainabu mwanangu,

Salamu zangu zikukute umeshafunga mizigo yako na mmeshamaliza kubishana na mama yako kuhusu sufuria ipi ni yako na ipi ni yake. Mimi niko salama hapa Koboko. Mgongo unauma, lakini huo umeshakuwa jamaa yangu, tunalala na kuamka pamoja.

Leo jioni tuligombana kwenye simu. Sijui kama uliikata au ilikatika yenyewe. Nimekupigia tena mara nyingi, na kila mara ananijibu yule mwanamke wa mtandao ambaye hachoki. Kwa hiyo nimeomba karatasi kwa karani wa ghala. Alfajiri kuna lori la mbao linaloteremka Arua, na dereva wake ameahidi kuikabidhi barua hii kwa mama yako akupe kabla hamjaondoka kwenda Inde. Nimemwambia asimpe mtu mwingine, hata Rajabu. Si kwamba simpendi mume wako. Ila Rajabu akiona maandishi marefu huruka mpaka mwisho, kisha anasema ameelewa.

Sitakuandikia habari za kupika, wala za kuamka mapema, wala za kuishi vizuri na mawifi. Mama yako amekufundisha, na yale ambayo hakukufundisha mimi siyajui. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, na maisha yangu yote nimebeba vitu vya watu wengine kutoka chini kwenda juu ya lori, na kutoka juu ya lori kwenda chini. Lakini kununua nyumba nimewahi. Ndilo jambo moja ambalo mimi na mama yako tulilifanya tukiwa wawili, bila mzazi, bila ukoo, na ndilo linalonichoma mpaka leo.

Uliponiambia habari za nyumba ya Inde nilikuwa nimekaa juu ya magunia. Ulisema ina matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, mabati ambayo hayajashika kutu, na uwanja wa kutosha kupanda mboga. Nikawaambia wenzangu, "Binti yangu ananunua nyumba," na wakapiga makofi. Kisha ukaongeza, kama mtu anayetaja dirisha lililokosa kioo, "Na kuna mzee mmoja, baba wa anayeuza. Yeye atabaki kwenye kibanda chake uani mpaka Mungu amchukue. Kwa ajili yake wametupunguzia bei."

Hapo nikapiga kelele. Nawe ukaniuliza, "Baba, kwa hiyo wewe unataka tumfukuze mzee?"

Na simu ikanyamaza. Jibu ninalo sasa, lakini ni refu.

Unajua kwamba mimi na mama yako tulikuja Arua kutoka Bombo tukiwa vijana, hatuna mtu hapa. Tulipanga chumba kimoja kwenye mstari wa vyumba ambao ulikuwa na choo kimoja na maneno mengi. Mwenye nyumba alikuwa anasimama mlangoni pake asubuhi kutazama nani anachota maji ya nani. Mama yako alikuwa anashona kawa za kufunikia chakula, zile za rangi, na hakuwa na mahali pa kuanika ukindi wake wa kusukia uliotiwa rangi isipokuwa juu ya kitanda. Tukalala na madoa mekundu na ya kijani kwenye shuka. Siku moja aliniambia, "Baba Zainabu, mimi sitaki nyumba kubwa. Nataka mlango ambao nikiufungua asiulize mtu naenda wapi."

Basi tukaanza kutafuta. Tulikuwa na dalali aliyevaa koti hata jua likiwa la kuchoma. Alitupeleka kwenye nyumba moja nzuri, akaanza kutuonyesha kuta kwa mkono, "Hii iko nguvu, hii hapana anguka," na ndani kulikuwa na watu wanakula. Mama mmoja akatoka na mwiko bado una ugali wa muhogo.

"Nyinyi iko nani?"

"Mama, hapana kasirika," dalali akasema. "Sisi naangalia nyumba tu."

"Naangalia nini? Mimi iko sinema? Nani nasema hii nyumba naenda sokoni?"

Tulikimbia. Mama yako alicheka mpaka akakaa kando ya barabara. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kuwa mtu ninayemjua sasa, mtu anayeona kila nyumba ni mtego na bado anataka kuingia.

Ndipo tukampata Ezati. Nyumba yake ya mtaa wa Awindiri ndiyo hii uliyokulia. Ezati alikuwa Mlugbara wa hapo hapo, mpole, anaongea polepole, amepata kazi ya ulinzi Kampala na anataka kuhamia huko na mke na watoto. Alitupeleka mwenyewe, hakuna dalali. Akatuonyesha vyumba viwili, jiko la nje, choo, na nyuma kabisa kibanda cha nyasi. Mlangoni mwa kibanda alikuwa amekaa bibi kizee anachambua ufuta.

"Huyu iko mama," Ezati akasema. "Mimi nabembeleza yeye, twende Kampala. Yeye nasema Kampala iko mbali na watu wake. Ndugu yangu, mimi naomba kitu moja. Nyumba iko yako. Lakini mama nabaki hapa mpaka mwisho wake. Wewe nakubali, mimi napunguza bei."

Mama yako hakungoja niseme. Alikwenda akachuchumaa mbele ya yule bibi, akamshika mikono miwili, akasema, "Mwanangu atapata bibi." Machozi yalikuwa yanamtoka. Sisi tulikuwa tumewaacha wazee wetu wote Bombo, na yeye aliuhisi upweke huo zaidi yangu.

Mimi nilikubali kwa sababu nyingine. Niliisikia bei. Nikajiambia, huyu ni mzee sana, na tumepata nyumba kwa bei ambayo hakuna mtu wa Awindiri ataipata. Nilijiona mjanja kuliko wote waliokuwa wamepanga pamoja nasi. Nakuambia hili wazi kwa sababu nilisikia sauti yako leo uliposema, "wametupunguzia bei," na niliijua sauti hiyo. Ilikuwa yangu.

Tulifuata kila kitu kama inavyotakiwa. Wazee wa ukoo wakaja, majirani wakaja, mwenyekiti wa mtaa akaja na mhuri wake. Nilinunua mbuzi, nikamchinja mwenyewe, tukala wote. Tukatembea mpakani, kila jirani akisema hapa ni kwangu na hapa ni kwako. Kwenye mapatano wakaandika kwamba mama wa muuzaji atakaa kwenye kibanda chake mpaka mwisho wake. Watu wote waliosimama pale walikubali maneno hayo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza, na mwisho huo ukifika, itakuwaje?

Wao hawakuuliza kwa sababu walijua. Sisi hatukuuliza kwa sababu na sisi tulidhani tunajua. Wewe umekua kwetu, unajua tunavyofanya. Mtu akifa asubuhi, anaoshwa, anavikwa sanda, anaswaliwa, na kabla ya jua kuzama amebebwa kwenda makaburini kwa Waislamu. Nyumbani kunabaki mikeka na dua. Mimi sikuwahi kuona kaburi kwenye uwanja wa mtu wetu. Ningewezaje kufikiria kwamba bibi aliyekaa mlangoni anachambua ufuta amekaa karibu na kaburi lake?

Yule bibi tulimwita Dede, kama wenyewe wanavyomwita bibi, na hakuna haja ya kukueleza alivyokuwa. Wewe ulilala kwenye kibanda chake kuliko kitandani kwako. Mimi alinidharau kwa furaha sana, akiniita kwa kabila langu tu. Nikirudi kazini na njaa alikuwa anasimama kunitazama ninavyokula.

"Nubi! Wewe nakula kama askari nakimbizwa!"

"Dede, nimebeba saruji tangu asubuhi."

"Saruji nakaa ndani ya tumbo? Kula polepole, chakula hapana kimbia."

Na kulikuwa na jambo moja ambalo nilipaswa kulitazama vizuri. Kila asubuhi alifagia mbele ya kibanda chake, kisha alikwenda nyuma ya jiko, mahali ambapo hapakuwa na kitu, akafagia na hapo. Polepole, akiinama, anang'oa majani kwa vidole. Wakati mmoja nilipeleka miti pale nijenge banda la kuku. Alikuja na ufagio wake.

"Hapana hapa, Nubi. Hapa iko na mwenyewe."

"Mwenyewe gani, Dede? Mimi sioni mtu."

"Wewe iko na macho ya nini?"

Nilimwambia mama yako kwamba Dede ameanza kuona majini. Mama yako akaenda kusoma sura pale, na mimi nikajenga banda upande mwingine. Tulicheka usiku huo. Mwanamke yule alikuwa ananieleza kila asubuhi ya Mungu, na mimi nilikuwa napita na mswaki mdomoni.

Wewe ndiye uliyempelekea uji siku ile ukarudi kusema Dede hataki kuamka. Mimi nilikuwa ghalani. Mama yako akaita majirani, majirani wakampigia Ezati na watu wa ukoo, na mimi nilipofika, vijana wa kwao walikuwa nyuma ya jiko na majembe, shimo limeshafika kiunoni.

Nikauliza, "Mnachimba nini hapa?"

Mmoja wao, mtoto wa ndugu yake Ezati, anaitwa Candia, unamjua, akanitazama kana kwamba nimeuliza jua linatoka wapi. "Nyumba ya mama."

"Si kuna makaburi ya kanisa?"

Majembe yakasimama. Candia akasema, "Mama nakaa hapa, nakufa hapa, sasa wewe nataka yeye naenda kulala kwa watu?"

Nilifungua mdomo. Mama yako akanivuta shati kwa nyuma. "Baba Zainabu, nyamaza. Maiti iko ndani." Mtu gani angebishana wakati maiti imelazwa ndani? Nilichukua jembe, nikachimba na wao. Nilimlilia yule bibi kweli. Wala sikujua kwamba kila jembe la udongo ninalotupa nje linapunguza uwanja wangu.

Baada ya mwaka walikuja kuweka saruji juu ya kaburi. Sikusema kitu. Wakaja kwa maombi, wakakaa siku nzima, mama yako akawapikia. Sikusema kitu. Ezati alipokuwa anakuja alikuwa ananishukuru kwa mikono miwili. Halafu tulipotaka kupima ardhi tupate hati, wapimaji walipofika nyuma ya jiko, Candia alikuwa amesimama pale amevaa viatu vizuri.

Kikao kilifanyika barazani kwa mwenyekiti. Wewe ulikuwa shuleni, na hatukukusimulia yote, kwa hiyo nakusimulia sasa.

Candia alisema hivi, na mimi siwezi kuyasahau: "Sisi nauza nyumba. Sisi hapana uza mama. Mahali mama iko, hapo iko ya ukoo. Na njia ya kufika kwa mama, iko ya ukoo. Na watoto wa mama, siku yao nafika, wao pia nataka kulala karibu na yeye."

Nikasema nina mapatano, nina mhuri, nyinyi wenyewe mlikula mbuzi.

"Mbuzi iko ya nyumba," mzee mmoja akajibu, na wala hakuwa anatania.

Mwenyekiti akakuna kichwa. Akanigeukia. "Mzee, wewe nakaa hapo miaka mingi. Wewe iko na kaburi hapo?"

"La."

"Hata moja? Hata mtoto?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Hawa Nubi iko watu wa barabara, nazika watu wao mbali halafu nasema iko kwao." Watu wakacheka.

Hapo ndipo mama yako aliposimama. Unamkumbuka mdogo wako Yusufu? Labda unakumbuka kitambaa cheupe tu. Hakufikia kutambaa. Aliondoka kabla ya Dede, na mimi nilimbeba mwenyewe mpaka makaburini, alikuwa mwepesi kiasi kwamba niliogopa upepo. Mama yako alisimama pale barazani, hakupandisha sauti, akasema:

"Mimi nina mtoto. Nilimtoa mlangoni kwangu nikampeleka kulala na Waislamu wenzake, kwa sababu ndivyo dini yangu ilivyonifundisha. Kama ningejua hapa nyumba inahesabiwa kwa makaburi..."

Hakumaliza. Alikaa chini, akajifunika uso kwa shela.

Hakuna aliyecheka tena. Ezati alikuwa amekuja kutoka Kampala kwa ajili ya kikao. Aliinuka, akaja kupiga goti mbele yake, akamshika mkono, akasema, "Mama, samahani. Samahani sana." Na baada ya hapo mpaka bado ukachorwa kama ukoo ulivyotaka. Wakapanda miti yao ya mpaka kuanzia ukutani mwa choo. Jiko likawa upande wao, tukalibomoa. Ndiyo maana mama yako anapikia barazani na moshi unaingia chumba cha kulala, na wewe ulikuwa unamlaumu kwamba nguo zako za shule zinanuka moshi, naye hakukujibu.

Hati hatukupata. Nyumba yenye ugomvi hakuna jirani anayetia saini. Hatuwezi kuongeza chumba, hatuwezi kuiuza, hatuwezi kuiacha. Tunaishi ndani yake kama mtu aliyevaa shati la ndugu yake, anaogopa kunyoosha mikono.

Na linaloniudhi zaidi, Zainabu, ni kwamba hakuna aliyetudanganya. Ningepata mwizi ningemchukia nikapumzika. Nilitamani sana Ezati awe mwongo. Lakini Ezati alituuzia alichokuwa nacho, na alidhani kila mtu mwenye akili anajua mama wa mtu analazwa wapi. Candia ana mdomo mchafu, lakini hata yeye hakusema uongo. Kwao kumpeleka mama kwenye makaburi ya wageni ni kumtupa. Nimelifikiria hilo nikiwa chini ya magunia, na nimeshindwa kupata mahali pa kuweka hasira yangu. Inazunguka tu.

Kwa miaka mingi niliiweka kwa mama yako. Nilimwambia yeye ndiye aliyesema ndiyo kwa kulia. Naye akaniambia mimi ndiye niliyesema ndiyo kwa bei. Wote wawili tulikuwa sawa, na hiyo haikutusaidia kitu. Ikafika mahali hatuzungumzi juu ya nyumba. Tunazungumza juu ya bati linalovuja, juu ya mlango unaokwama, lakini nyumba yenyewe hatuitaji, kama ni mgonjwa amelala chumba cha pili. Kazi hii ya Koboko nilipoipata, mama yako alidhani nimefuata ujira. Ujira uko Arua pia. Nilitaka mahali ambapo nikienda chooni sioni miti ya watu.

Usinielewe vibaya. Dede simchukii, na kaburi lake silichukii. Angerudi leo akaomba kibanda chake ningemjengea kwa mikono hii, akae anitukane mpaka achoke. Ukiniuliza kama nataka mumfukuze mzee, jibu ni hapana. Msimfukuze. Mtu anayenunua nyumba kwa kumtoa mzee uani hatalala vizuri ndani yake, na mimi sikukulea hivyo.

Ila muulizeni atalala wapi.

Ni hilo tu. Sisi na Dede tulikula naye, tulicheka naye, alikubeba mgongoni, na hakuna siku hata moja tuliyomuuliza. Tuliona ni adabu kutomtajia. Kumbe yeye alikuwa tayari kabisa. Angenishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko, akasema hapa. Nami siku ile ya kwanza, kabla ya mbuzi, kabla ya mhuri, ningemwambia Ezati, "Ndugu yangu, toa hii sehemu ya mama na njia yake, iache kwenu, niuzie iliyobaki." Jiko ningelijenga mbele. Uwanja ungekuwa mdogo, lakini wote ungekuwa wetu, na Ezati angekuwa anakuja kumtembelea mama yake bila kuniogopa.

Rajabu atasema wameandika kila kitu. Na sisi tuliandika. Atasema mwenye nyumba ni mtu mwema. Ezati alikuwa mwema. Mwambie baba mkwe wake anasema wema wa muuzaji ndio unaomfanya asiulizwe.

Nilipofika hapa kwenye barua nilitaka kukuandikia maneno ya kumwambia huyo mzee kesho. Nimeyaandika mara mbili nikayafuta. Msichana wa umri wako hawezi kumkalia mzee wa watu mbele akamuuliza kaburi lake. Ataona unamwombea kifo ili upate uwanja. Rajabu naye atauliza huku anatazama simu yake. Na mtoto wa mzee, huyo anayeuza, hawezi kumuuliza baba yake jambo hilo mbele ya wageni. Mimi na Ezati tulikuwa hivyo hivyo, kila mmoja anamwonea mwenzake haya, na shimo likachimbwa katikati ya haya zetu. Jambo hili mzee huulizwa na mzee mwenzake.

Nimekwenda kwa msimamizi wa ghala kumwomba ruhusa ya kesho. Alikuwa anafunga mlango.

"Mzee, kesho malori tatu nakuja. Wewe naenda wapi?"

"Binti yangu ananunua nyumba Inde."

"Sasa wewe naenda kufanya nini? Wewe iko mlango?"

Wenzangu walicheka, na mimi nilicheka pia, maana ni maneno mazuri. Kisha akasema nikienda, mahali pangu atapewa mwingine. Nikamwambia ampe.

Kwa hiyo nakuja. Kuna lori moja la saruji niliahidi kulipakua alfajiri, nikimaliza napanda gari la kwanza. Sitapitia Awindiri, nitapitiliza moja kwa moja mpaka Inde. Nimekuandikia haya yote kwa sababu nikifika nitakuwa mbele ya watu, na haya siwezi kuyasema mbele ya watu, na mbele ya mama yako siwezi zaidi.

Msitoe pesa kabla sijafika. Mkikaribishwa, kaeni. Mkipewa chai, kunyweni. Wakiuliza mnangoja nini, semeni mnamngoja baba, hakuna atakayekasirika kwa hilo.

Nikifika nitamsalimu huyo mzee, nitakaa chini karibu naye, na tutaongea kwanza habari za mvua na mihogo, maana hakuna mtu anayeanza na jambo kama hilo. Kisha nitamuuliza. Wewe na Rajabu mnyamaze, mtazame mkono wake unaelekea wapi. Akionyesha pembeni, tutamwachia hapo pamoja na njia yake, na mtanunua kilichobaki kwa moyo mweupe. Na akionyesha chini ya dirisha lenu, tutamshukuru, tutamaliza chai, tutapakia mizigo yenu tena na kurudi Awindiri sote. Nitaipakia mimi mwenyewe. Na njia nzima sitasema neno.

Baba yako